Sneaker Nyeupe, Mikono Chafu

Leo risto ni maji, sabuni na choo, na hakuna mtu anahepa. Najua ulikuwa unataka nibonge luku. Tulia. Hii ndiyo luku yenyewe, ile ya chini ya nguo.

Cheki comrade yeyote Ijumaa jioni. Wendani, Juja, Ngara, Ronga, popote penye campo iko karibu. Kiatu ni nyeupe pe, imesuguliwa na mswaki na dawa ya meno mpaka laces. Fade ni ya leo. Cologne ni ile ya kupimiwa tao, kichupa kidogo, lakini inafika stage kabla yake. Halafu msee huyo huyo anatoka choo ya floor, anapita sink ni kama sink inamdai, anateremka kibanda, anakunja chapo na mkono wazi. Manze! Kiatu imeoshwa Jumatatu, ikaoshwa Jumatano, imeoshwa leo. Mikono bado iko kwa foleni.

Na hajakosa kujua. Hapo ndipo kila mtu huchoma akianza kubonga kuhusu sisi. Kila sem kuna mbogi ya T-shirt nyeupe inakuja campo na banner. Wanatuonyesha vile watu hunawa, tunapiga picha, tunapewa soda, wanaishia. Tarehe 15 Oktoba, Siku ya Kunawa Mikono Duniani, hiyo ndiyo sikukuu yao kabisa. Buda, kunawa tulifunzwa nursery, na wimbo juu yake. Kuna madem hapa wanasomea public health, watakutajia bakteria ya kipindupindu mpaka spelling. Sasa ingia choo ya floor yenu saa hii. Sabuni? Zii. Tap? Inapumua tu. Kufuli? Unazuia mlango na mguu ukiomba Mungu asikuje mtu. Poster ya kunawa mikono ndiyo iko, na imebandikwa poa sana.

So msimamo wangu ni huu. Comrade anajua. Chenye inakosa ni maji kwa tap, sabuni kando ya choo, na ile aibu ya kukufanya unawe hata kama hakuna mtu anakucheki. Hizo mbili za kwanza kuna watu tunawalipa watupee, na wamelala. Ya tatu ni yetu.

Unataka proof? Kumbuka 2020. Kesi ya kwanza ya korona Kenya ilitangazwa tarehe 13 Machi. Kabla wiki iishe kila duka ilikuwa na mtungi wenye tap kwa mlango, na sabuni imefungwa na kamba. Makanga alikuwa anakurushia sanitizer kabla upande mat. Mafundi wa jua kali wakatengeneza zile za kukanyaga na mguu, hushiki kitu. Na watu walinawa! Matha wa mboga alinawa, askari wa gate alinawa, mpaka wale wasee wa base hukaa hapo kwa ukuta walinawa. Hakuna mtu alienda kusomea. Maji na sabuni zilikuwa zimekusimamia kwa njia, ungepitia wapi? Halafu corona ikaisha machoni, mitungi ikaanza kupotea moja moja. Ingine iliibiwa tap. Ingine sai inabeba mafuta ya kupika. Mikono ikarudi kwa foleni.

Na usifikirie ni sisi tu. Uingereza, 2011, watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine na Queen Mary walipima simu na mikono ya watu kwa miji 12. Watu 95 kwa kila 100 walisema wao hunawa na sabuni wakiweza. Simu moja kwa kila sita ilikuwa na E. coli, ile hutoka kwa mavi. Hao ni watu wako na tap ya maji moto. Sasa wewe unaingia choo na simu, una-scroll TikTok mpaka miguu inakufa ganzi, unatoka, unampea beshte yako acheki meme. Umempea meme na kitu ingine.

Sanitizer haitakuokoa pia. Inafaa kuwa na alcohol kuanzia asilimia 60, na mkono ukiwa na uchafu wa kuonekana haifanyi kazi fiti. Sabuni ya kipande, ile ya bei ya chini kabisa kwa duka ya mtaa, inaipita. Kunawa tu na sabuni kunapunguza kuhara karibu theluthi. Hakuna cologne inaweza.

Tuingie kwa ganji sasa, juu hapa ndipo inauma.

Maji ikipotea, mtungi wa lita 20 unaanza mbao. Ikikaa siku kadhaa, msee wa mkokoteni anajua umebanwa, inapanda mpaka chwani. Piga hesabu na mimi. Cubic metre moja ni mitungi 50. Kwa mbao, hiyo ni thao moja. Kwa chwani ni thao mbili na nusu. Bei ya mita ya kampuni ya maji, hata ukiweka sewer juu, haifiki hata nusu ya hiyo thao. Comrade amesota, loan ya HELB haijaingia, na ndiye analipa maji bei kushinda mtu wa Runda mwenye anamwagilia nyasi.

Na anapata kiasi gani? Umoja wa Mataifa unasema mtu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku ndio aishi poa. Kwa kambi za dharura, mahali watu wametoroka vita, kiwango cha chini cha kimataifa ni lita 15. Wewe na mtungi wako mmoja wa siku uko na 20. Cistern ya kizamani ina-flush lita tisa au zaidi. Ukivuta mara mbili, mtungi umeisha, hujaoga, hujaosha sufuria, na ugali imekauka hapo chini. Ndio maana wasee wa hostel wamejifunza kumwaga na ndoo, lita tatu hivi, kwa nguvu na kwa shabaha. Hiyo ni skill. Fresha, ijue mapema.

Nairobi kweli ina ngori ya maji. Mingi yake inatoka Ndakaini, kule Murang'a, kwa dam ilimalizwa 1994 na inabeba cubic metre milioni 70. Tangu hapo tao imefura. Rationing imekuwa kitu ya kawaida tangu 2017, mtaa moja Jumanne, mwingine Alhamisi. Hiyo tunaielewa. Yenye sielewi ni landlord anajenga floor sita karibu na campo, anajua maji huja siku mbili kwa wiki, halafu anaweka katanki kamoja juu ka kufanya nyumba ionekane iko na tanki. Lobby iko na tiles. Gate iko na biometric. WiFi iko kwa tangazo. Caretaker ukimuuliza maji anakuambia inakuja kesho. Kesho unamuuliza, anakuambia kesho. Huyo msee amesema kesho mpaka wengine wamegradua.

Kabla ulipe deposit ya keja next sem, wachana na tiles. Panda juu ucheki tanki ni ngapi na ni za lita ngapi. Fungua tap ya floor ya mwisho, si ya chini, juu maji ikiwa kidogo hao wa juu ndio hukauka kwanza. Uliza choo moja inatumika na rooms ngapi. Bonga na mtu anaishi hapo, msee amebeba mtungi kwa ngazi, huyo hawezi kukudanganya. Caretaker akisema kesho, hepa.

Sasa kuoga. Wacha nisikie mtu akijifanya hajui passport. Passport ni ile ya uso, shingo na makwapa, basi, umeingia lec ya saa moja. Siku moja nakuelewa, maji hakuna. Lakini kuna wasee wamefanya passport ikawa kitambulisho cha kudumu, halafu wanarusha body spray juu yake. Skiza, jasho lenyewe halinuki sana. Bakteria za ngozi zikilikula ndio harufu inatoka, na body spray inazifunika tu. Baada ya lec mbili iko smell ya cologne na smell yako, zote mbili zimeketi front row. Nusu ndoo inatosha mtu mzima kuoga mwili mzima. Karai, kikombe, sabuni. Anza juu, shuka chini, maliza na miguu, na maji hiyo iende kumwagwa kwa choo. Umeoga na ume-flush kwa lita kumi. Hiyo ndiyo flex, si kiatu.

Maji ya kunywa nayo inatuchoma vibaya, juu watu wanaamini macho. Maji ikiwa clear wanasema ni safi. Bakteria ya typhoid haionekani hata kwa glass ya hotel. Chemsha ichemke kabisa, povu kubwa, dakika moja, umemaliza. Najua landlord amekataza koili, na najua uko nayo chini ya kitanda, lakini kama stima ni ya token na token imeisha, kuna dawa ya maji ya chlorine kwa duka na chemist, soma kipimo kwa chupa, tia, ngoja nusu saa. Chupa moja inakaa sana, na bei yake ni ya maji ya supermarket chupa mbili tatu. Halafu usiharibu kazi yako. Maji imetibiwa, iko kwa ndoo, kila beshte anaingia anatumbukiza kikombe na vidole. Weka kwa mtungi wa mdomo mdogo, umimine. Na hiyo chupa ya plastiki yenye umerefill tangu first year, na mdomo umeanza kuwa green, itupe leo.

Kibanda sitaitusi. Kibanda imesomesha watu hii nchi. Chapo madondo ya pale chini imefikisha comrades wengi graduation kuliko HELB. Lakini jifunze kusoma kibanda. Matha ako na mtungi wa kunawa wenye tap? Sabuni ya maji iko na povu ama imeongezewa maji mpaka imekuwa maji? Sahani zinasuuzwa na maji inabadilishwa, ama ni beseni moja tangu asubuhi na imekuwa supu? Chakula iko moto, moshi unatoka? Ikiwa moto dishi bila stress. Kachumbari ndiyo ya kuchunga, juu ni mbichi na imeshikwa na mikono. Smokie pasua ni fiti, mayai boilo ni fiti, hiyo kachumbari ya kuwekwa na vidole vile vimepokea noti za mat siku mzima, hapana. Mwambie akuwekee na kijiko. Akikasirika, enda kwa mwenzake.

Hii si mchezo. Oktoba 2022 kipindupindu ililipuka hapa Kiambu, ilianza na sherehe ya harusi Limuru, watu wakarudi nayo makwao na ikasambaa county baada ya county. Cholera inaweza kukumaliza kwa masaa, juu mwili unaisha maji. Kuhara ikikushika, usingoje beshte akuletee soda. ORS iko chemist. Kama haiko karibu, lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai bila kilima, chumvi nusu kijiko, koroga, kunywa pole pole, na uende hosi. Save hiyo mahali. Na typhoid wasee wameifanya jina la kila kichwa kuuma. Unaingia kaclinic ka mtaa, wanakupima ile ya kutoa damu kidogo na kukupa majibu hapo hapo, unaambiwa uko na typhoid, unabeba antibiotic za ganji mob. Hiyo test ya haraka inakosea sana. Culture ya damu ndiyo inaaminika zaidi. Uliza kabla ulipe.

Wazae wakisikia hizi stori huwa wanacheka. "Sisi tulikunywa maji ya mto na hatukufa." Hao ambao walikufa hawako hapa kutuambia, buda. Cholera iliingia Kenya 1971, wakati mzae alikuwa na afro na suruali pana, na haijawahi kuenda ikasahau kurudi. Halafu kuna auntie anasema ukioga usiku utashikwa na nimonia, na kuna uncle anasema watoto wa siku hizi ni laini, wanataka choo ya kukaa. Uncle, tunataka choo yenye mlango. Anza hapo.

Madem, hii part ni yenu, na machali wasiruke, wasome mara mbili.

Kenya ilitoa ushuru kwa pads 2004. Poa. Mwaka wa 2017 sheria ya elimu ikabadilishwa, serikali ikatakiwa kuwapea wasichana wa shule za umma pads free. Poa zaidi. Lakini hiyo sheria ni ya basic education. Ukimaliza form four, ukifika campo, imekuacha kwa gate. Ni kama kuna mtu aliamua period huisha na KCSE. Comrade dem analipa keja, analipa mtungi, analipa fare, na kila mwezi packet. Na akifika campo na pads zake amejinunulia, choo haina maji, haina bin, haina kufuli. Anafanya nini? Wengi hawanywi maji siku mzima ndio wasiende choo. Wanakaza mkojo mpaka jioni. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuitia UTI, na UTI ina bei yake pale chemist.

Kuna wale wamehamia cup ya period. Inalipwa mara moja, na ikitunzwa inakaa hadi miaka kumi, kwa hivyo kihesabu inashinda. Lakini cup inataka maji safi ya kusuuza na sufuria ya kuchemshia, so bado tunarudi kwa landlord na tanki yake. Pads zikitupwa kwa choo zinaziba sewer ya floor nzima, na hapo kila mtu anakasirikia madem. Kasirikia mwenye hakuweka bin. Bin yenye kifuniko ni pesa ya lunch mbili.

Gloria Orwoba, akiwa bado seneta, aliingia Seneti tarehe 14 Februari 2023, suti nyeupe na doa ya period, na akaambiwa atoke. Watu wazima walishtuka na doa kuliko vile wamewahi kushtuka na choo za shule. Chali, kama bado wewe hucheka dem wa class yenu akiwa na hiyo situation, wewe ndio aibu. Mpe sweater ajifunge, nyamaza, endelea na life.

Na kwa vile tuko kwa machali: dem akikuja kwako kitu ya kwanza anacheki si TV, ni choo. Anaomba "niende washroom kidogo" na hapo interview imeanza. Ikiwa imepigwa na brush, kuna sabuni, kuna tissue, kuna ndoo imejaa, umepita. Ikiwa na ule ukuta wa njano na mswaki umelala kwa sakafu, hata playlist yako haitakusaidia. Brush ya choo inanunuliwa mara moja kwa muda mrefu. Wekeni ratiba ya kuosha, bandikeni kwa mlango, na yule roommate huwa na CAT kila Jumamosi ya zamu yake mwambieni ukweli.

Najua unasema, sawa, nitanawa, lakini tap ya campo si yangu. Kweli. Hiyo ndiyo nusu ingine ya hii kazi na hatuifanyi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, imeandika kila mtu ako na haki ya maji safi na salama ya kutosha, na viwango vya usafi vinavyofaa. Haijasema isipokuwa comrades. Ile fee statement yako unalipa na choo iko ndani. Tumeshapiga kelele juu ya HELB, tumeshafunga barabara juu ya exams, lakini juu ya sabuni hakuna mtu amewahi toka, juu tunaona ni kitu kidogo, ya kuchekwa. Ndio maana wanatuchezea.

Elections za campo zikifika, aspirant atakuja hostel yenu na speaker, T-shirt na smokie. Kula smokie yake, lakini nawa kwanza. Halafu simama, mbele ya mbogi yote, umuulize vitu tatu: sabuni ya choo za lec halls italetwa na nani na kila siku gani, bins za madem zinawekwa lini, na maji ikikatika campo inaleta bowser baada ya masaa mangapi. Mwache aongee. Akianza stori ya kesho, usimpe kura.